Mchango wa Kutokwenda

Somo langu la kwanza la kuogelea nilifundishwa na mtoto wa miaka saba. Kocha alikuwa upande wa pili wa bwawa akihangaika na wanafunzi wake, mimi nimeng'ang'ania ukingo kama popo, kofia ya kuogelea imegoma kuingia kwenye rasta. Katoto kamoja kakaja, kakanitazama, kakasema: "Anti, weka mdomo kwenye maji halafu upulize, kama unapoza uji." Nikapoza uji. Nikanywa bwawa. Kenyewe kakacheka, kakazama, kakaibukia mbali kama bata.

Nina miaka 35 na digrii ya uandishi wa habari. Nimewahi kuwauliza mawaziri maswali ya kuwakera mbele ya kamera. Siku ile nilishindwa na maji yaliyonifika kifuani, na nilikuwa tayari nimelipa ada ya triathloni.

Kwa asiyeijua, triathloni ni kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, mfululizo, na saa haisimami hata unapofunga kamba za viatu. Wamarekani waliianza mwaka 1974 pale Mission Bay, San Diego, na mwaka 2000 ikaingia kwenye Olimpiki ya Sydney. Ya Olimpiki ni mita 1,500 za maji, kilomita 40 za baiskeli na kilomita 10 za miguu. Yangu ilikuwa nusu ya hiyo: mita 750, kilomita 20, kilomita 5. Ukisema "nusu" watu wanadhani ni mchezo. Panga viwanja saba vya mpira kimoja mbele ya kingine, vijaze maji ya chumvi, halafu uniambie.

Sisi watu wa Bukoba tuna tarehe yetu, Mei 21, 1996. Nilikuwa darasa la kwanza. MV Bukoba, meli iliyojengwa kubeba abiria 430, ilizama asubuhi hiyo ikielekea Mwanza, ikiwa imepakia watu wengi zaidi ya hao. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alipandia Kemondo usiku wa kuamkia siku hiyo, na begi moja na mikungu miwili ya ndizi. Ninachokumbuka kwake ni picha ya ukutani ambayo mpiga picha alimkata nusu ya paji la uso, kwa sababu alikuwa mrefu kuliko wote waliosimama naye. Wengi wamezikwa pale Igoma, Mwanza. Mama amefika mara mbili tu, kwa basi, akizunguka ziwa.

Tangu hapo ziwa likawa la kutazamwa. Unaliona kutoka uani kwetu, zuri kweli, na huliendei. Ukirudi nyumbani nywele zimelowa siku ambayo mvua haikunyesha, una kesi. Kwa hiyo nimekulia kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika bila kujua kuelea.

Septemba 2018 nikatumwa Ukara. MV Nyerere ilikuwa imepinduka tarehe 20, ikiwa imebakiza mwendo mfupi tu kufika gati la Bwisya. Kivuko hicho kilitakiwa kubeba watu 101. Waliokufa tu walizidi 200. Sitaeleza niliyoyaona, niliyaandika wakati ule na yanatosha. Ninachotaka kusema ni jambo dogo ambalo mhariri alilikata kwa sababu ya nafasi. Mvuvi mmoja aliyekuwa amekesha akisaidia kuvuta miili aliniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba yeye hajui kuogelea. Nikadhani ananitania. Nikawauliza wenzake aliokaa nao. Wote walikuwa sita, waliojua ni wawili. Mmoja akanieleza kwa upole, kama mtu anayemwelimisha mgeni, kwamba ziwa likikutaka linakuchukua tu, kujua kuogelea ni kulichelewesha.

Sentensi hiyo nilikaa nayo miaka mitano na ushee. Kila nilipoikumbuka nilikasirika, kisha nikakumbuka kwamba na mimi sijui.

Basi ndivyo ilivyokuja. Rafiki yangu anayependa mambo ya mbio aliniambia kuna triathloni ndogo Dar es Salaam, tarehe imepangwa kwa kuangalia jedwali la maji kujaa na kupwa, na washiriki wengine huchangisha fedha kwa jambo wanalolipenda. Nikapiga simu Mwanza kwa mwalimu mstaafu ambaye tulijuana kazini. Anaishi karibu na mwalo mmoja na jioni huwafundisha watoto kuogelea, bila malipo na bila vifaa. Tukapiga hesabu. Jaketi okozi moja ni Sh 45,000. Majaketi 100 kwa wavuvi, Sh 4,500,000. Kamba, maboya na nauli za wasaidizi wawili kwa mwaka, Sh 1,500,000. Jumla milioni sita.

Nikafungua grupu la WhatsApp. Hapa, msomaji, kama wewe ni Mtanzania naweza kukuachia uendelee mwenyewe.

Sisi tunajua kuchanga. Tunachanga harusi, sendofu, kipaimara, msiba, na kikao cha kuvunja kamati ya harusi. Mtu ambaye hana kodi ya nyumba atatoa laki moja ya harusi ya mtoto wa bosi wake, na kadi ikichelewa anauliza. Nilidhani utaratibu ule ule utafanya kazi. Nikaweka orodha, namba, jina, ahadi, alichotoa. Siku ya kwanza watu 112 walikuwa ndani. Siku ya tatu tulibaki 87. Emoji za mikono iliyokunjwa zilikuwa nyingi kuliko shilingi. "Tupo pamoja dada." "Mwisho wa mwezi nitakucheki." Mmoja, tena tuliyesoma naye, akaandika mbele ya wote: "Sasa wewe kuogelea kunamsaidiaje mvuvi? Si utoe tu hela yako?"

Nilitaka kumtoa kwenye grupu. Sikumtoa, kwa sababu ni swali zuri. Kwa nini mtu anitoe elfu ishirini kwa sababu mimi nimeamua kujitesa? Harusini mchango una pilau; unakula ulichochanga. Kwenye msiba unachanga ukijua zamu yako iko njiani. Huku nilikuwa nawauzia nini? Mateso yangu, nadhani, kama onyesho. Ada ya mashindano, kocha, miwani na kiingilio cha bwawa cha Sh 10,000 kila mara vilikuwa vimeshanigharimu zaidi ya majaketi kumi. Niliiandika hesabu hiyo kwenye grupu, wazi. Watu watatu wakaondoka, wanne wakatuma fedha. Sijui mpaka leo nani alimwelewa nani.

Mazoezi yenyewe sitayachosha. Baiskeli nilinunua mtumba, ya resi, yenye matairi membamba kama mkanda wa suruali. Fundi wangu wa Kinondoni aliishika kwa vidole viwili akasema, "Sista, hii kwa barabara zetu?" Nilipata pancha nne kwa mwezi. Barabara ya Bagamoyo alfajiri nilijifunza kwamba dereva wa bodaboda akiona mwanamke kwenye baiskeli ya resi lazima ashindane naye, hata kama amebeba abiria na gunia. Kukimbia sikukupata shida. Nilikuwa nakimbia Daraja la Tanzanite jioni pamoja na nusu ya jiji, wanaokimbia na wanaopiga picha za kukimbia.

Shida ilikuwa maji. Miezi miwili bwawani nikawa naweza mita 400 bila kusimama, nikajiona nimefika. Siku kocha alipotupeleka baharini, upande wa Msasani, niliingia, chini nikaona giza, na pumzi ikaniishia nikiwa bado nasimama. Sikuwa nimezama. Kina kilinifika kiunoni. Mwili tu ulikataa, ukawa unavuta hewa haraka haraka kama mtoto aliyelia sana. Kocha, kijana wa Unguja mwenye subira ya ajabu, aliniweka chali, mkono wake mmoja chini ya kisogo, akasema, "Dada, tazama mawingu. Bahari haina haraka na wewe." Tukakaa hivyo, labda dakika kumi. Nililia, lakini baharini nani anajua.

Wapenzi wa vitabu mnamkumbuka Haruki Murakami. Kwenye What I Talk About When I Talk About Running anasimulia jinsi pumzi ilivyomvuruga kwenye maji, mwanzoni mwa triathloni, yeye mtu aliyekuwa anakimbia marathoni mwaka hadi mwaka. Nilikisoma kitabu hicho chuoni nikakiona kikavu, mzee anahesabu kilomita zake. Niliporudi kwenye kurasa hizo usiku ule, miguu bado ina mchanga, nilizisoma mara tatu. Lakini niligundua pia kitu kinachonitenga naye. Yeye anaandika kama mtu anayeshindana na mwili wake peke yake. Mimi kila nilipoweka uso kwenye maji tulikuwa wengi.

Mama sikumwambia. Aliambiwa na grupu la ukoo, maana hakuna siri inayovuka Watanzania 87. Hakupiga simu. Jumapili moja mchana ukaingia ujumbe wa muamala, Sh 50,000 kutoka kwa mama, mwalimu mstaafu anayeishi kwa pensheni na migomba. Nyuma yake meseji: "Huo ni mchango wangu wa wewe kutokwenda."

Nikapiga. Nilikuwa nimejiandaa na hotuba. Nikamwambia, mama, ni kwa ajili ya mjomba. Angejua kuogelea, labda.

Akanyamaza kidogo. Kisha: "Nani kakwambia hakujua? Alikuwa anavuka mpaka Kisiwa cha Musira na kurudi akiwa shule. Baba alimchapa kwa hilo. Hakuna aliyekuwa anaogelea kama yeye pale kwetu."

Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za ofisini. Watu wanapita.

"Alikuwa ndani," mama akasema. "Chini. Utaogelea uende wapi ukiwa ndani?"

Wiki hiyo sikwenda mazoezini. Milioni mbili na kitu za watu zilikuwa tayari kwenye simu yangu, na nilikuwa nimewaandikia habari ya mjomba aliyekufa kwa kutojua kuogelea. Sikudanganya, niliamini hivyo maisha yangu yote, lakini haikuwa kweli. Na mimi ndiye ninayelipwa mshahara kwa kuhakikisha habari kabla ya kuitoa. MV Bukoba haikuua watu kwa sababu hawakujua kuogelea. Wala MV Nyerere. Chombo kikijazwa kupita uwezo wake, huwezi kumwambia abiria kwamba angejifunza kuelea. Ukisema hivyo unamhamishia maiti kosa la aliyempakia.

Niliandika haya kwenye grupu, takriban kama nilivyoyaandika hapa. Nikasema anayetaka hela yake anitumie meseji, nitarudisha siku hiyo hiyo. Kisha nikapiga Mwanza. Yule mwalimu akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimeshawahi kuandika habari ya mtumbwi mmoja. Nikasema sijaelewa. "Mtumbwi mmoja, mvuvi mmoja. Au mtoto aliyekwenda kuchota maji. Hapa kwetu wanakwenda hivyo, mmoja mmoja. Umewahi kuandika?"

Sijawahi. Mtu mmoja aliyezama si habari, labda awe na cheo. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na sidhani wengi wao walikuwa kwenye meli zenye majina. Nikarekebisha tangazo. Mjomba nikamtoa. Nikaweka mtumbwi mmoja.

Aliyeomba kurudishiwa alikuwa mtu mmoja, Sh 30,000, na yule wa swali la "si utoe tu hela yako" akatuma laki mbili bila neno.

Siku yenyewe tulikuwa wachache, asubuhi, maji yamejaa mpaka kwenye mizizi ya minazi. Walipoanza wenzangu nilihesabu kumi kwanza, kama kocha alivyonishauri, ili nisipigwe mateke. Nilikwenda mtindo huru mpaka boya la kwanza. Baada ya hapo pumzi ikaanza visa vyake, nikageuka chali, nikatazama mawingu. Mlinzi wa mtumbwi akaniuliza, "Unatoka?" Nikamwambia napoza uji. Hakunielewa, ila alikaa karibu. Mita 750 nilizimaliza kwa dakika 34, sehemu kubwa chali, kama gogo lenye nia. Nilitoka wa mwisho majini. Kwenye baiskeli nikawapita wawili, mmoja ana pancha. Mbio nilitembea nusu.

Tulipofunga hesabu kulikuwa na Sh 4,090,000, ukiacha ile elfu hamsini ambayo sikujua niiweke wapi. Rafiki yangu aliyekuwa mhasibu wa grupu alikuwa ameiandika pembeni, kwa penseli: "Mama, wa kutokwenda." Akaniuliza tunafanyaje, maana nimekwenda.

Jioni nikampigia mama. Aliuliza kwanza kama nimetoa maji masikioni, kisha kama nimekula. Nikamwambia hela yake ipo, masharti yake sikuyatimiza, namrudishia.

"Itoshe jaketi?" akauliza.

"Moja, na chenji ya elfu tano."

Nikasikia redio yake nyuma, taarifa ya habari ya saa mbili inaanza.

"Basi waambie," akasema, "la kwangu liwe la mtu mrefu."