Kioo Kilichovunjika Njiani

Mwaka ule tulipohamishiwa kituo kipya cha kazi, tulisafiri na vyombo vyetu kwa lori usiku kucha, na barabara ilikuwa ya mashimo matupu. Tuliposhusha mizigo asubuhi, tulikuta kile kioo kikubwa alichotuachia marehemu mama kimekuwa vipande. Mama alikuwa na miezi minne tu kaburini. Sisi wauguzi tumezoea machozi ya wengine, lakini siku hiyo tuliketi kizingitini tukalia, na watoto wakatutazama kwa hofu.

Binti yetu alichukua ufagio ili akavitupe vile vigae shimoni. Baba yake akamwambia, "Ngoja kwanza, mwanangu." Akavikusanya ndani ya debe, akalisukuma uvunguni. Likakaa huko mwaka mzima, wala hakuna aliyethubutu kuligusa.

Ndipo mwenzetu mmoja wa kikundi cha akina mama kanisani, aliyewahi kuishi Marekani, akatuazima kitabu cha picha za kazi za Monir Shahroudy Farmanfarmaian, mama wa Kiajemi. Tulikifungua jioni baada ya zamu, tukakesha nacho.

Monir alizaliwa Qazvin, nchini Irani. Alitamani kwenda Paris kusomea uchoraji, lakini Vita Kuu ya Pili ikamzuia, akaenda New York. Huko alisoma, kisha akafanya kazi ya kuchorea duka kubwa la nguo, mahali alipofanya kazi pia Andy Warhol, kabla ya kijana huyo kuwa maarufu. Mwaka 1957 alirudi kwao, akazunguka vijijini akikusanya michoro ya zamani iliyopakwa nyuma ya vioo.

Siku moja aliingia katika ziara ya Shah Cheragh mjini Shiraz. Kuta na dari zote zimefunikwa kwa vipande vidogo vya vioo, na kila mtu aingiaye humetameta humo. Monir alitokwa na machozi. Waajemi huuita ufundi huo aineh-kari. Husimuliwa kuwa zamani vioo viliagizwa kutoka Ulaya, vingi vikavunjika njiani, na mafundi hawakukubali kuvitupa. Walivikata vipande, wakapambia majumba.

Tulipofika hapo tulitazamana na mwenzetu wa nyumbani. Debe lilikuwa uvunguni!

Basi Monir akashirikiana na mafundi wa jadi, akautoa urembo huo wa kutani na kuutia katika mbao za kutundika, kwa maumbo ya pembe tatu na pembe sita, na rangi zilizopakwa nyuma ya kioo. Mwaka 1979 mapinduzi ya Irani yaliwakuta yeye na mumewe New York. Nyumba, mali na kazi zake nyingi zikapotea. Alikaa ugenini miaka mingi, na mumewe akafia huko mwaka 1991. Katika huzuni ile alitengeneza visanduku vidogo, akavijaza picha na kumbukumbu za maisha yao. Mwaka 2004 alirudi Tehran, akawaita mafundi tena, akaanza upya katika umri wa ubibi. Mwaka 2015 jumba la Guggenheim la New York lilionyesha kazi zake, na mwaka 2017 Tehran ikafungua makumbusho yenye jina lake. Alifariki mwaka 2019.

Jumamosi iliyofuata tulilivuta debe. Fundi seremala alitupa ubao na fremu. Tulivaa glavu nzito, tukasugua kingo kwenye jiwe la kunolea, tukapanga vigae mmoja mmoja kwa gundi na saruji nyeupe. Binti yetu ndiye aliyechagua pembe sita.

Kioo hicho sasa kiko sebuleni. Hakifai kwa kusukia nywele, maana uso wako unauona mara ishirini. Lakini jua la asubuhi likikigusa, nuru hutawanyika mpaka darini, na wageni huuliza kilinunuliwa wapi.

Wodini tumejifunza jambo moja. Mgonjwa aliyekuwa amegeukia ukutani siku nyingi, akianza kuomba kioo ajitazame, tunajua ameanza kupona. Nasi tulipona hivyo. Akina mama wenzetu, kabla ya kutupa, tazameni tena uvunguni.