Pindo la Kweli na Pindo la Uongo

Katika mji wa Babati, uliotazamwa na mlima Kwaraa, yuko shangazi yangu aliyenifunza jambo ambalo vitabu vya upigaji picha havikunifunza. Asubuhi moja nilimpiga picha kando ya Ziwa Babati. Alisimama chini ya mti, na mbingu nyuma yake ilikuwa nyeupe kwa mwanga. Nilifungua tundu la lenzi kadiri lilivyoweza kufunguka, nikabonyeza. Nilipoitazama picha katika kompyuta nilifadhaika. Kando ya kila tawi, na juu ya bega lake, palikuwa na uzi wa zambarau ambao macho yangu hayakuuona ziwani.

Ila hii ni kongwe kuliko kamera. Nuru nyeupe ni mkusanyiko wa rangi nyingi, na lenzi huipinda kila rangi kwa kiasi chake: urujuani hupindwa zaidi, nyekundu kidogo. Basi rangi hazikutani zote mahali pamoja, na iliyokosa mahali pake huonekana kama pindo ukingoni mwa kitu. Isaac Newton alikata tamaa ya kuiponya lenzi. Mwaka 1668 akaunda darubini iliyokusanya nuru kwa uso unaoakisi. Walakini alikata tamaa mapema. Mwaka 1758 John Dollond wa London alitangaza lenzi ya vioo viwili vya asili mbalimbali, kosa la kimoja likisahihishwa na mwenziwe. Lenzi za leo hufuata njia hiyo, lakini hazijatakasika kabisa.

Kosa lililosalia hutibiwa kwa programu, na dawa zake ni mbili. Picha ya kidijitali ni picha tatu zilizolazwa pamoja: nyekundu, kijani na buluu. Pindo lizidilo kadiri jicho liendavyo pembeni mwa picha huondolewa kwa kuipanua au kuipunguza nyekundu na buluu mpaka zilingane na kijani. Pindo la zambarau kama langu, litokealo hata katikati, halitibiki hivyo. Programu huambiwa iitafute rangi ile kwenye kingo kali na kuififisha iwe kijivu. Dawa ya kwanza huirudisha rangi mahali pake. Ya pili huiua. Sikuipima tofauti hiyo. Nilivuta vipimo mpaka mwisho, nikafurahi kuona matawi safi.

Nilimpelekea shangazi picha iliyochapwa. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, aliitazama kwa muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "kanga hii si yangu. Yangu ina pindo la zambarau. Marehemu ndiye aliyeninunulia, nami naijua hata gizani."

Niliona haya. Pindo la kanga ile lilikuwa na mistari myembamba ya zambarau juu ya nyeupe, na programu iliihesabu kuwa ila ya lenzi. Nilikuwa nimemvua mjane zawadi ya mumewe, nikidhani nasafisha picha.

Kwa bahati njema nakala ya kwanza ilikuwamo bado katika kadi ya kamera. Nilianza upya. Safari hii nilitumia brashi ya programu, nikaipitisha juu ya matawi na bega tu, kanga sikuigusa. Kazi iliyochukua dakika moja ikachukua jioni nzima. Ulisalia uzi mmoja mahali bega lilipokutana na kanga. Sikuweza kutambua kama ni wa lenzi au wa kitambaa, nikauacha.

Tangu siku ile nalipunguza tundu la lenzi mbele ya mbingu nyeupe, ili kosa liwe dogo tangu mwanzo. Tena sisahihishi picha bila kuuliza kwanza kitu kilikuwaje. Programu hutambua rangi na kingo, lakini haikuwako ziwani. Mimi nilikuwako, na bado nilisahau, shangazi hakusahau. Picha ya pili imetundikwa ukutani kwake, pamoja na ule uzi wake mmoja wenye shaka.