Pikipiki ya Duka na Pikipiki ya Mlima

Kisii ni mji wa kupanda na kushuka. Umejengwa juu ya miteremko, kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Mimi nimekulia Tanga, ambako barabara za Ngamiani zimenyooka na kupewa namba tu, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mzee wa miaka sabini hupanda baiskeli kwenda sokoni bila kuhema. Kisii baiskeli nimeziona chache, na mojawapo ilikuwa inasukumwa. Kazi yote imeachiwa pikipiki: mikungu ya ndizi kwenda soko la Daraja Mbili, madumu ya maziwa, magunia ya saruji, watoto watatu wenye sare za shule, hata kochi lililofungwa kwa kamba likatokeza pande zote mbili. Wenyeji wanasema zilianza kumiminika baada ya bajeti ya mwaka 2008, serikali ya Kenya ilipoondoa VAT kwa pikipiki zenye injini isiyozidi cc 250. Leo, kila penye njia panda pana stegi ya pikipiki, na kila stegi ina mti au kibanda, benchi, na vijana waliovaa makoti mazito saa sita mchana.

Kilichonivutia zaidi ni pikipiki yenyewe inapokuwa mpya.

Kwetu Tanga, mtu akinunua pikipiki huilinda isizeeke. Nailoni ya kiti haiondolewi. Huachwa ipasuke yenyewe kwa jua, na hata ikipasuka vipande vyake hubaki vikipepea. Tangi hufutwa kwa kitambaa asubuhi na jioni. Wengine huifukizia ubani na kuisomea dua kabla haijatoka uani. Kugusa kilichofungwa na kiwanda ni karibu na dhambi. Akija fundi na spana wiki ya kwanza, jirani watauliza imeharibika nini.

Huku Kisii pikipiki mpya huchukuliwa kama kitambaa kilichotoka dukani: kizuri, lakini bado hakijashonwa. Kijana wa mwenyeji wangu alinunua Boxer nyekundu ya cc 150. Nilidhani tungeipeleka nyumbani ikaonwe na mama yake. Tulishuka nayo moja kwa moja kuelekea upande wa mto Nyakomisaro, kwenye safu ya vibanda vya mabati ambako mafundi, mawelda na washonaji wa viti wanafanya kazi bega kwa bega. Fundi mkuu, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, alikuwa na oili mikononi, kwa hiyo alitupa kifundo cha mkono tukishike badala ya kiganja. Akaizunguka pikipiki polepole, akakibonyeza kiti mara mbili, akaangalia shokapu zinavyorudi.

“Hii ni ya duka,” akamwambia kijana. “Haijakuwa ya huku.”

Kisha akachomoa bisibisi mfukoni, akaipasua nailoni ya kiti kwa mkono mmoja. Mimi ndiye niliyeshtuka. Mwenye mali alikuwa anacheka.

Walioanza kazi ni mawelda. Mbele ya injini walifunga gadi ya bomba nene, imekunjwa kulia na kushoto, ili pikipiki ikilala matopeni uzito uangukie chuma badala ya pedali na mguu wa dereva. Nyuma wakafunga kerria ndefu ya nondo, yenye masikio ya kupitishia kamba za mpira. Halafu likafuata jambo dogo ambalo sikuwahi kuliona kwetu: welda alikata kipande cha bati nene, kipana kuliko kiganja, akakichomelea chini ya stendi ya pembeni. Nilipouliza, alinionyesha kwa kidole cha mguu udongo aliosimama juu yake. Udongo wa huku ni mwekundu, wa volkano, na mvua huupata karibu mwaka mzima. Ukiegesha pikipiki kwa stendi nyembamba ya kiwanda, chuma kinazama taratibu huku unakunywa chai, na ukirudi unaikuta imelala ubavuni. Mchanga wa Tanga nao humeza stendi, na dawa yetu miaka yote imekuwa kutafuta kifuu cha nazi cha kuwekea chini. Kila siku tunatafuta kifuu kipya.

Madigadi ya mbele ikainuliwa kwa vipande vya bomba na boliti ndefu. Sababu yake niliielewa baadaye, barabarani Nyamira: udongo mzito hujikusanya kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu linakataa kuzunguka, na dereva analazimika kushuka kuuchokoa kwa kijiti. Kiti nacho kikafunguliwa na kupelekwa kwa mshonaji, aliyeongeza sponji na kukivalisha kava nyeusi ya plastiki isiyopitisha maji, na jina la kijiji lililoshonwa kwa uzi mweupe. Mwisho ukawekwa mwavuli. Huu ni mwavuli wa kweli, mrefu kutoka kwa dereva hadi kwa abiria wa nyuma, umesimamishwa kwa fremu ya bomba jembamba. Upepo ukiuingia, pikipiki huyumba, nao wanalijua hilo. Lakini abiria wa Kisii hatapanda pikipiki isiyo na mwavuli wakati nyingine inao, na mawingu ya saa nane mchana hayasubiri mtu. Kwetu mwavuli ni wa jua, na anayeushika ni mama aliyekaa upande.

Injini yenyewe aliishughulikia fundi mkuu, na hapo ndipo nilipokaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikasahau safari zangu nyingine. Kwanza alifungua plagi na kuniwekea mkononi. Ncha yake ilikuwa nyeusi kwa masizi, ilhali injini ilikuwa haijamaliza kilomita hamsini. Akaeleza kwamba kabureta limewekwa kwa ajili ya hewa ya chini. Kwenye mwinuko kama huu hewa ni nyepesi, karibu sehemu moja katika sita imepungua ukilinganisha na pwani. Petroli inabaki ileile, hewa imepungua, basi mchanganyiko unakuwa mzito, injini inakohoa, inakula mafuta, nguvu inashuka. Akabadilisha jeti kuu akatia yenye tundu dogo zaidi, akachezea skrubu ya hewa huku ameinamisha sikio. Alisema plagi ikitoka na rangi ya biskuti, kazi imekwisha. Nikawaza pikipiki zetu za Tanga, zinazovuta hewa nzito ya bahari bila mmiliki kujua kwamba ni neema.

Kisha akahamia kwenye cheni. Sproketi ya nyuma aliitoa, mpya kabisa, inang'aa, akatia nyingine yenye meno mengi zaidi. Hesabu yake ni rahisi: sproketi ya nyuma ikiwa kubwa, gurudumu huzunguka polepole kwa kila mzunguko wa injini, na nguvu ya kuvuta inaongezeka. Pikipiki itapanda mlima na abiria wawili na mkungu wa ndizi bila kulilia gia ya kwanza. Kinachopotea ni mbio. Kwenye barabara tambarare injini itapiga kelele mapema, na petroli itakwenda zaidi. “Tambarare iko wapi?” fundi aliuliza, akainua uso kuelekea ukingo wa Manga uliosimama juu ya mji. Ile sproketi ya kiwanda ilifungwa kwenye gazeti na kurudishwa kwa kijana, aiweke nyumbani hadi siku ya kuiuza.

Baada ya mabadiliko yote hayo nilitegemea kijana ataambiwa aende akatafute hela. Badala yake alipewa masharti kama mzazi wa mtoto mchanga. Injini mpya ina vyuma ambavyo havijazoeana. Pistoni na silinda bado zinasuguana zipate kukaa. Kwa hiyo asiikamue, asiende na mwendo mmoja kwa muda mrefu, asibebe watu wawili mlimani mpaka afikishe kilomita mia tano hivi na kumwaga oili ya kwanza. Kwetu sharti hili hutimizwa bila kufikiri: mtu anakwenda Pongwe na kurudi, njia imetulia, injini imezoea. Hapa ilibidi mahali patafutwe. Kijana alichagua upande wa Suneka, ambako ardhi imelala kiasi cha kuwekwa kiwanja cha ndege, akawa anakwenda na kurudi huku vijana wa stegi wakimtania kwamba amenunua pikipiki ya kutembeza.

Oili ya kwanza ilipomwagwa, fundi aliikinga kwenye beseni juani na kuniita nitazame. Ndani yake mlikuwa na chembe za chuma, ndogo mno, zinazometameta. Alichovya kidole, akasugua kwa dole gumba, akaridhika. Tangu hapo, alisema, oili ni kila wiki mbili kwa pikipiki ya kazi, na haraka zaidi majira ya mvua. Cheni ilegee kiasi cha vidole viwili, isizidi. Breki zitazamwe kila Jumapili, na akamkanya kijana asizime injini mteremkoni ili kuokoa petroli, maana gia ndiyo breki ya kwanza, na breki shuu ni za kumalizia. Jioni hiyo nilihesabu pikipiki nyingi zilizoteremka mbele ya nyumba ya mwenyeji wangu kimya kabisa, injini zimezimwa. Mafundi husema na vijana huteremka, Kisii kama Tanga.

Jumamosi stegi za vijijini zilipwaya, kwa kuwa Waadventista ni wengi katika nchi hii ya Wagusii na Sabato yao haina abiria. Pikipiki ilikwenda kanisani. Baada ya ibada mchungaji aliweka mkono juu ya tangi akaiombea pamoja na dereva wake na wote watakaopanda. Nilikumbuka ubani wetu. Tofauti niliyoiona ni ya mpangilio: sisi huomba kwanza, fundi tukamwita mambo yakishaharibika, hapa fundi alishamaliza, ndipo mchungaji akaitwa.

Tulikwenda Nyamira siku iliyofuata mvua ya usiku. Lami ilipoisha tukaingia kati ya mashamba ya chai, kijani kilichokatwa sawasawa hadi mkunjo wa kilima, na wanawake wenye vikapu mgongoni wakichuma majani mawili na chipukizi. Upande wa Kebirigo tulikuta pikipiki zimebeba magunia ya majani mabichi kwenda kituo cha kupimia, ambako lori la kiwanda huyachukua kabla hayajanyauka. Chai ikichelewa hupoteza thamani, basi dereva wa huku hawezi kusema atasubiri njia ikauke. Nikaona gurudumu la nyuma la mmoja wao limezungushiwa mnyororo, pingili kwa pingili, likiuma udongo na kupanda pale tulipokuwa tumeshuka kusukuma. Mlimani juu aliufungua mnyororo, akauning'iniza kwenye gadi, akaendelea.

Jioni hiyo nilieleza habari ya mnyororo mbele ya mjomba wa kijana, aliyekuwa likizoni kutoka Minnesota, jimbo la Marekani lenye Wagusii wengi. Hakushangaa. Alisema huko wanapanda pikipiki za theluji, zenye viatu viwili vya kuteleza mbele na mkanda mpana wa mpira nyuma. Kampuni ya Polaris, inayoziunda, ilianzia katika jimbo hilohilo, mji mdogo wa Roseau, mwaka 1954. Jirani yake mzungu alipoleta yake kutoka dukani, wiki nzima alikuwa gereji: akapigilia misumari ya chuma kwenye mkanda ili usiteleze juu ya barafu, akabadilisha vyuma vigumu chini ya viatu vya mbele, akafunga kioo kirefu cha kukinga upepo, akanunua mkanda wa akiba wa kuendeshea. Na kabla ya kwenda nayo kwenye milima ya magharibi, aliigusa pia injini, kwa sababu ya hewa nyepesi. “Nilimwambia ana akili ya Kisii,” mjomba akasema.

Nimejiuliza kama yote hayo ni busara. Kubadilisha sproketi kunaweza kukupotezea dhamana ya kiwanda. Vijana wengi wamechukua pikipiki kwa mkopo wa kulipa kila siku, kwa hiyo wanachomelea vyuma juu ya mali ambayo kwa kalamu bado ni ya mwingine. Gadi na kerria huongeza uzito, na kerria ndefu hualika mzigo ambao mwili wa pikipiki haukuumbiwa. Fundi wa Kisii akikosea, gharama yake inalipwa mteremkoni.

Hata hivyo, najua pikipiki zetu za pwani zinavyokufa. Adui yetu ni chumvi. Inakuja na upepo wa bahari, haionekani, na inaanzia chini: ndani ya madigadi, kwenye spoku za gurudumu, kwenye viungo vya fremu ambavyo kitambaa cha asubuhi hakivifikii. Tunaweza kuizuia tangu siku ya kwanza kwa grisi chini ya madigadi, rangi kwenye viungo, maji baridi baada ya kila safari ya ufukweni, na cheni isiyoachwa ikauka. Ni kazi ya nusu siku na gharama ndogo kuliko gadi moja ya Kisii. Hatuifanyi, kwa sababu pikipiki ni mpya na mpya haiguswi. Tangi linang'aa mwaka wa tatu, na fremu chini yake inamegeka kwa kidole. Wagusii wameuangalia mlima wao wakaanza kazi siku ileile ya kununua. Sisi bahari tunaiangalia kila siku, lakini bado hatujampelekea fundi pikipiki iliyo nzima.