Dhahabu Isiyong'aa

Ijumaa ile ya Oktoba 2024 sitaisahau. Ukumbi ulikuwa umejaa pomoni. Mada ilikuwa kwamba Kiswahili hakiwezi kufundishia sayansi, nami nilikuwa upande wa wapinzani. Nikasimama, nikakohoa kidogo kama mbunge, nikatangaza kuwa nitaeleza kazi anayosomea dada yangu huko Ujerumani. Sentensi mbili tu, ulimi ukafa ganzi. Nikaanza kutapatapa kwa Kiingereza.

"Hoja ya nidhamu, Bwana Mwenyekiti!" akapaza sauti mmoja wa watetezi. "Msemaji ametushindia mdahalo!"

Watu walicheka mpaka mwalimu mlezi akaficha uso kwa daftari. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Desemba dada akaja likizo. Alinipa kipande cha kioo kidogo kuliko stempu, akasema kina dhahabu ndani. Mama akakigeuzageuza.

"Dhahabu gani hii haing'ai? Si wamekupunja, mwanangu?"

Kumbe! Ukikielekeza dirishani unaona wekundu hafifu, kama juisi ya zambarau iliyotiwa maji.

Basi tuliketi uani, akanieleza. Kuna chungu cha chuma ambacho hewa yake imefyonzwa kwa pampu. Ndani mna vipande viwili: kimoja cha dhahabu, kingine cha alumina, yaani oksidi ya aluminiamu. Mbele yake, sentimita chache tu, kuna kioo kitupu. Leza hupiga kupitia kidirisha. Haimuliki mfululizo kama tochi. Ni mapigo, na kila pigo hudumu nanosekunde 20 hivi. Chukua sekunde moja, igawe mara bilioni, halafu uhesabu vipande 20. Nishati nyingi ikibanwa katika muda mfupi hivyo, uso wa dhahabu huruka kama ulimi wa moto, ukaenda kutua kwenye kioo.

Hapa ndipo penye utamu. Alumina ikitua hujitandaza. Dhahabu haitaki. Dada alichuma jani la nduma, akalimwagia maji, matone yakajikusanya na kubiringika. Atomi za dhahabu nazo hupendana zenyewe kuliko zinavyoipenda oksidi. Vitone vyake vina upana wa nanomita chache, na unywele mmoja una kama nanomita 80,000! Kisha unageuza, unapiga alumina, vitone vinafunikwa na kubaki humo kama punje za mahindi ndani ya mukimo. Ukitaka vitone vikubwa zaidi, unaongeza mapigo kwenye dhahabu.

Na wekundu je? Mwanga ukigonga kitone, elektroni zake huyumba pamoja na kuumeza mwanga wa kijani, mwekundu hupita. Michael Faraday alikwisha kueleza mwaka wa 1857 kwamba rangi hiyo hutokana na chembe ndogo za dhahabu, miaka 103 kabla ya leza ya kwanza.

Sikujua kwamba baba anasikiliza. Tangu dada aache udaktari, hakuwa amemwuliza neno lolote kuhusu masomo yake. Siku hiyo alishusha gazeti.

"Mapigo mangapi kwa kioo kimoja?"

"Maelfu, baba. Na wakati mwingine leza inarusha matone makubwa yasiyotakiwa, utando wote unaharibika, naanza upya."

"Kisha vinamfaa nani?"

Dada akamwambia kuwa gesi fulani zikigusa utando wa namna hiyo, rangi yake hubadilika kidogo, hivyo unaweza kutumiwa kutambua gesi. Baba hakujibu. Alinyosha mkono apewe kioo, akasogea juani, akakitazama muda mrefu, jicho moja amelifumba.

Haya, ndugu mtetezi uliyepaza sauti, jibu langu ndilo hilo, ingawa limechelewa. Kioo ninacho sandukuni. Anayetaka kukiona aje bwenini kabla ya prepu, jua lingalipo, maana kwa taa yetu ile huoni kitu.