Wosia Si Uchuro



Nyumbani kwetu Chanji, ukimtajia mzee habari za wosia huona unamchuria kifo. Hata hivyo, likizo iliyopita sisi watoto watano tuliwaomba baba na mama tulizungumze jambo hilo, kwa sababu kifungua mimba wetu, anayeandika haya, yuko seminarini.

Kwa familia inayofuata mila, Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 linawapanga warithi katika madaraja matatu: mtoto wa kiume wa kwanza, kisha wanaume wengine, mwisho mabinti. Mjane kwa kawaida hapewi fungu. Hutunzwa na watoto wake. Hivyo fungu kubwa lingemwendea yule ambaye, Mungu akipenda, hatakuwa na mke wala mtoto. Dada zetu, wanaopalilia mahindi na maharage kila msimu, wangeambulia masalio. Padre wa jimbo haweki nadhiri ya ufukara, kwa hiyo kurithi si kosa. Lakini Mtakatifu Thomas wa Akwino, tunayemsoma darasani, anatufundisha kuwa haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Na jasho la mama limo katika kila tuta la shamba lile.

Baba alinyamaza, kisha akauliza, "Shamba likienda kwa wakwe, ukoo utabaki na nini?"

Mama akamjibu taratibu, "Mzee, mimi nami nilitoka ukoo mwingine. Nani amelilima?"

Swali la baba si geni. Mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kesi ya Holaria Pastory wa Kagera. Mama huyo alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, akaliuza, na ndugu wa ukoo akapinga. Jaji aliamua kuwa mwanamke ana haki sawa na mwanamume juu ya ardhi ya ukoo. Mzizi wa haki yake ulikuwa ule wosia.

Wosia wa kimila wa maandishi hauna gharama kubwa. Uandikwe kwa wino usiofutika, uwe na tarehe na saini, na mwandikishaji awe na akili timamu. Anayejua kusoma na kuandika awe na mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Asiyejua awe na wanne. Mke aliyeko nyumbani naye ashuhudie. Watoto wanaorithi wasiwe mashahidi. Unaweza kuutunza RITA, benki au kwa wakili.

Wapo wanaopenda kugawa mali wangali hai, au kuiweka chini ya wadhamini kwa ajili ya watoto wadogo. Hapo muone mwanasheria kwanza. Yoshua bin Sira, sura ya 33, anaonya tusikabidhi kila kitu mapema, tukaishia kutazama mikono ya watoto wetu.

Hadi tunaandika haya, baba hajasaini. Amesema tu kwamba majina ya dada zetu yaandikwe, na la mama litangulie. Mashahidi bado anawatafuta. Tunamwombea.

Ndugu wasomaji, kwa kanuni ya 668 hata mtawa, anayeacha yote, huandika wosia kabla ya nadhiri za daima. Sembuse mwenye shamba, mke na watoto? Lizungumzeni katika jumuiya zenu, wazee wakiwa bado wanaweza kujibu.