Kutembea Mvuani

Msomaji, mtu akitajiwa pwani ya Bahari ya Mediterania, mara huona moyoni mwake jua kali, maji ya samawati na watu waliojilaza mchangani. Picha hiyo si ya uongo, lakini ni ya nusu ya mwaka tu. Nusu ya pili ina mvua, na mgeni aendaye huko wakati huo huiona nchi nyingine kabisa. Mimi niliiona nchi hiyo ya pili, nami nataka kukueleza niliyojifunza humo, maana yamfaa kila kijana atakayesafiri pamoja na wenzake, ajapokuwa haendi mbali zaidi ya kilima kilicho nyuma ya shule yake.

Kaskazini ya Italia, katika jimbo la Liguria, pana vijiji vitano vilivyoshikamana na magenge ya bahari kama viota vya mbayuwayu. Majina yake ni Monterosso, Vernazza, Corniglia, Manarola na Riomaggiore, na kwa jumla huitwa Cinque Terre, yaani Nchi Tano. Zamani, kabla ya reli kutobolewa chini ya milima, watu wa huko walikwenda kwa mashua au kwa miguu. Njia zao za miguu zingaliko, nazo ndizo ziwavutazo wageni wa leo. Mwaka 1997 mahali hapo paliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na mwaka 1999 pakafanywa hifadhi ya taifa.

Sisi tulikwenda mwezi wa Oktoba, miaka kadhaa iliyopita. Tulikuwa watu tisa: Wakenya wanne na marafiki watano wa Ulaya. Mkubwa wetu alikuwa mzee wa miaka 68, mwalimu aliyestaafu. Mdogo wetu alikuwa kijana wa Kericho mwenye miaka 22, mwepesi kama paa. Kiongozi wetu alikuwa mama mmoja mzaliwa wa vijiji vile, ambaye wazazi wake walikuwa wakulima wa mizabibu. Kila mmoja alibeba shanta yake, koti la mvua na fimbo ya kutembelea.

Yafaa uelewe kwa nini mvua ya huko ni ya kuogopwa. Wakati wa kiangazi mvua huwa haba, na bahari hupata joto miezi mingi. Vuli inapoingia, upepo wa kusini huchukua mvuke wa bahari hiyo yenye joto na kuupeleka nchi kavu. Lakini milima ya huko haikai mbali na pwani. Husimama kuanzia majini. Upepo ukikutana nayo hupanda ghafula, hupoa, na mvuke wote hugeuka maji na kumwagika mahali pamoja. Vijito ni vifupi, vyenye mteremko mkali, wala havina bonde pana la kuyapunguzia maji kasi. Mvua ambayo nchi ya tambarare ingeinywa kwa siku mbili, huko huteremka baharini kwa saa moja, pamoja na mawe na miti iliyo njiani.

Siku ya kwanza tulikwenda kutoka Monterosso hata Vernazza. Mvua ilikuwa manyunyu tu, walakini vidato vya mawe vilikuwa vikiteleza kama vilivyopakwa mafuta, na mahali pengi njia haikuwa na upana wa kutosha watu wawili. Vijana walitaka kukimbia mbele. Kiongozi akawazuia, akamweka mzee wetu awe wa kwanza, na kijana wa Kericho awe wa mwisho. Kijana alinung'unika kidogo, maana kwenda polepole humchosha mwenye nguvu kuliko kwenda mbio. Lakini kabla hatujafika nusu ya njia, mwenzetu mmoja aliteleza, naye kijana yule ndiye aliyemdaka mkono kwa nyuma. Tangu hapo hakuuliza tena kwa nini mwenye nguvu huwekwa mwisho.

Siku ya pili ndiyo iliyotupima. Tulipoamka, anga lilikuwa jeusi, na serikali ilikuwa imetoa tahadhari ya rangi ya chungwa. Huko tahadhari za mvua hutolewa kwa rangi: manjano, chungwa na nyekundu, kwa kadiri hatari inavyozidi. Njia za hifadhi zilikuwa zimefungwa. Walakini wakati ule mvua yenyewe ilikuwa haijaanza, na baadhi yetu walikasirika. Walikuwa wametoka mbali, wametumia akiba ya mwaka mzima, na likizo yao ilikuwa fupi. Kijana wa Kericho akasema, "Mama, mvua hatuigeni. Kwetu hunyesha karibu kila alasiri, na watu huchuma majani ya chai. Tupe ruhusa twende wawili watatu, nanyi mtatukuta mbele."

Yule mama hakughadhibika. Alisema, "Mwanangu, sikatai kwamba unaijua mvua. Lakini hukijui kilima hiki. Mimi nakijua, nami leo siendi."

Maneno hayo yangalitosha, lakini ukaidi una masikio mazito. Ndipo mzee wetu aliposema, "Ninyi mwasema mtakwenda watatu. Mkipotea, hatutalala sote tisa, na watakaotoka usiku kuwatafuta ni vijana wa kijiji hiki ambao hawakula mkate nanyi hata siku moja. Nani kati yenu atawaomba wafe kwa ajili ya matembezi?" Hakuna aliyejibu. Tukabaki.

Kiongozi hakutuacha tukae bure. Alitupandisha gari moshi, tukaenda Vernazza, akatuonyesha barabara kuu ya kijiji. Chini ya barabara ile hupita kijito kilichofunikwa. Tarehe 25 Oktoba 2011, mvua ya saa chache ilikijaza kijito hicho. Mfuniko wake haukuweza kuyameza maji, mawe na magogo yaliyoteremka, basi mto ukapita juu, katikati ya maduka na nyumba. Ghorofa za chini zilijaa tope na vifusi, magari yakachukuliwa hata bandarini, na watu wakapoteza maisha. Monterosso nako kulifikwa na msiba siku hiyo hiyo. Mwaka uliofuata, mwezi wa Septemba 2012, mawe yaliporomoka juu ya njia mashuhuri iendayo Riomaggiore hata Manarola, yakawajeruhi watalii wanne. Njia hiyo ilikuwa ingali imefungwa siku zetu, na haikufunguliwa tena kikamilifu hata mwaka 2024. Tulisikiliza kimya. Adhuhuri mvua ilishuka kwa ghadhabu hata hatukuweza kuona ng'ambo ya bandari. Kijana wa Kericho aliitazama muda mrefu kutoka dirisha la mkahawa, kisha akamletea mama yule kikombe cha kahawa kwa mikono miwili.

Siku ya tatu tahadhari iliondolewa. Tulipanda kutoka Manarola hata Volastra, kijiji kilicho mita 300 na zaidi juu ya bahari, tukafuata njia ipitayo kati ya mizabibu kuelekea Corniglia. Ukungu ulikuwa ukifunga na kufunua. Mara hatukuona kitu ila mgongo wa mwenzetu, mara bahari yote ilikuwa wazi chini ya miguu yetu.

Hapo niliziona kuta ambazo nchi ile inazitegemea. Kwa muda wa miaka ipatayo 1000, wakulima waliukata mlima ukawa matuta kama ngazi, na kila tuta wakalizuia kwa ukuta wa mawe usio na chokaa wala saruji. Mtu wa Machakos angezitambua mara moja, maana naye amezuia udongo wa mteremko kwa matuta. Mawe makubwa huwekwa chini, kila jiwe hulala juu ya mawili, na nyuma yake hujazwa kokoto. Nilidhani ukosefu wa saruji ni umaskini. Kiongozi alinieleza kwamba ndio usalama wenyewe: mvua ikinyesha, maji hupenya kati ya mawe na kutoka pole pole. Ukuta ulioungwa kwa saruji bila matundu huyazuia maji nyuma yake, nayo hukusanyika na kusukuma, hata siku moja ukaanguka wote. Ufundi huo wa kujenga kwa mawe makavu nao umetambuliwa na UNESCO, mwaka 2018, kwa Italia pamoja na nchi nyingine saba.

Lakini ukuta wa namna hiyo wataka mtu. Jiwe moja likianguka lisirudishwe, la pili hulifuata. Katika karne ya 20 vijana wengi waliondoka kwenda kufanya kazi mjini, La Spezia na kwingineko, na matuta mengi yaliachwa. Njiani tulimwona mkulima akirudisha mawe yaliyoanguka siku iliyotangulia. Tulimsaidia kupokezana mawe kwa nusu saa, kila mtu kwa kadiri ya nguvu zake, kisha tukaendelea. Jioni tuliteremka kutoka Corniglia hata stesheni kwa ngazi yenye vidato vipatavyo 380, tukala mkate na mchuzi wa majani ya mrehani yaliyopondwa pamoja na kitunguu saumu, jibini na mafuta ya zeituni. Sikumbuki chakula kilichoniridhisha zaidi.

Kijana msomaji, siku yako ya kusafiri na wenzako itafika. Usiangalie tu viatu na chakula. Angalia pia namna mtakavyosikilizana. Mwenye haraka na ajifunze kumngojea mwenye pole, na mwenye pole asione haya kusema amechoka. Manung'uniko yaachwe yatoke mapema, kama maji yapitayo kati ya mawe, maana yakizuiwa yatawavunja. Zaidi ya hayo, msikilize mwenyeji wa mahali, hata kama nguvu zako ni nyingi kuliko zake. Kilele ambacho hukukifikia leo kitakuwapo mwaka ujao. Lililo muhimu ni kwamba nanyi muwepo, na idadi yenu iwe ile ile mliyoondoka nayo nyumbani.