Sydney mpaka Dar ni mbali kiasi gani?

Nilipotea kidogo, nilikuwa nyumbani msibani.

Wengi huniuliza Dar na huku ni mbali kiasi gani. Ukipima moja kwa moja kuvuka Bahari ya Hindi, ni kama kilomita 11,500. Lakini ndege ya moja kwa moja hakuna. Mimi nilipitia Dubai: saa 14 angani, saa 4 za kungoja, kisha saa 5 na nusu hadi Dar. Ajabu ni kwamba Sydney hadi Dubai peke yake ni kilomita 12,000 na ushei. Yaani umeshasafiri kuliko umbali wa nyumbani, na bado hujafika!

Kaka alinipigia nikiwa zamu ya usiku, saa tisa. Kwao ilikuwa saa mbili usiku.

"Baba ametutoka. Tumepanga kumzika kesho baada ya adhuhuri. Tukungoje?"

Nikapiga hesabu palepale wodini. Zilibaki saa 17. Safari ni zaidi ya saa 23, hata ningekuwa tayari nimeshakaa ndani ya ndege.

Nikamwambia, "Msiningoje. Mzikeni baba."

Nilifika siku ya tatu, nikawahi khitma. Kaka akanipeleka makaburini, udongo bado mbichi.

Wenzangu mlio mbali, angalieni pasi zisiishe muda, na nauli ya dharura muiweke pembeni. Na wazee wapigieni simu leo.